Mchezaji kiraka kugeuka meneja wa ligi ndogo: amepandishwa cheo au amepanguswa machozi?

ZamuYaUsiku (Nakuru)

Wadau, habari zenu. Nafanya kazi ya usiku kwenye kituo cha mafuta hapa Nakuru, upande wa barabara ya kwenda Eldoret. Ikifika saa nane malori hupungua, nami hufungua simu nikatazama besiboli ya Marekani, maana wakati huo mashariki mwa nchi yao ni saa moja jioni na mechi ndiyo zinaanza. Nilianza kwa kupigana na usingizi, sasa imekuwa ulevi. Mpira wa miguu siku hizi nautazama kwa shingo upande, na hapo ndipo swali langu lilipotokea.

Kila nikisoma habari za mameneja wa ligi zao ndogo (kwao kocha mkuu huitwa meneja), nakutana na mtu yuleyule. Alisajiliwa akiwa kijana. Akacheza besi ya pili, besi ya tatu (besi ni vile vituo anavyopitia mkimbiaji), shotistopu (anayesimama kati ya besi ya pili na ya tatu), popote palipokuwa na pengo. Akapigwa danadana kutoka timu hii hadi ile. Ligi kuu aliionja wiki chache au hakuionja kabisa. Magoti yakagoma, na mwaka uliofuata ukimtafuta ni meneja wa timu ya daraja la chini, mji ambao kwenye ramani lazima uukuze ndipo uuone.

Chukua Stan Wasiak, mzaliwa wa Chicago. Alikuwa mchezaji wa besi za ndani, yaani wale wanaosimama karibu na besi, na ligi kuu hakugusa hata mechi moja. Akawa meneja wa timu za ligi ndogo kuanzia 1950 hadi 1986, misimu 37, timu zake zikashinda mechi 2,530. Hakuna meneja mwingine wa ligi ndogo aliyeshinda nyingi hivyo. Na miaka yote hiyo hakuna klabu kubwa iliyomwita juu ikampa timu yake.

Nauliza kwa sababu yamenifika. Nina miaka 33. Nimecheza beki wa kulia, beki wa kushoto, siku za shida hata kiungo mkabaji: Kakamega, Bungoma, Awendo, nikamalizia hapa Nakuru. Ligi kuu nilikaa msimu mmoja na nusu, sehemu kubwa nikisugua benchi. Kuna klabu bado ina mishahara yangu, jina niacheni nalo. Sasa mwenyekiti wa timu ya mtaani kwetu, tuko ligi ya kaunti, ananiambia niache kucheza nichukue timu ya vijana. Anaongea kwa upole sana, kama mtu anayeleta habari ya msiba.

Kwa hiyo nijibuni kama mnaijua hii biashara ya Wamarekani. Huyu mchezaji kiraka anapewa timu kwa sababu ana kitu, au ni namna ya kumtoa mlangoni bila kelele?

MtuWaMamboleo (Kisumu)

Kaka, mbona swali refu na jibu ni fupi? Hawajui kazi nyingine! Staa akistaafu anakaa kwenye runinga akikosoa wenzake kwa suti. Kiraka akistaafu anapewa filimbi na kofia. Ndivyo ilivyo huko, ndivyo ilivyo hapa Kisumu, nenda uwanja wowote Jumamosi uhesabu makocha waliowahi kufunga mabao.

Halafu besiboli yenyewe ni raundasi ya wanaume wazima. Dada zangu walikuwa wakiicheza shule ya msingi bila kulipwa.

FundiUdongo (Kakamega)

Huyo wa Mamboleo muacheni acheke, mimi nitajibu.

Niko hapa Lurambi, nauza simiti na mabati. Kabla ya simiti niliishi kusini mwa Marekani na kazi yangu ilikuwa kutunza uwanja wa timu ya ligi ndogo: kukata nyasi, kuchora chokaa, kufunika uwanja mvua ikija na kuufunua ikiisha. Timu sitaitaja, watu wake wako hai na nawaheshimu. Mameneja niliowaona wakija na kuondoka ni wengi, na zaidi ya nusu walikuwa watu wa aina unayoisema.

Kwanza uelewe mtu huyu ameajiriwa na nani, maana hapo ndipo wengi hupotea. Kule kuna klabu 30 za ligi kuu, na kila moja ina timu nne chini yake zinazocheza miji midogo, kuanzia daraja la juu: Triple-A, Double-A, High-A na Single-A. Jumla 120. Zamani zilikuwa 160, wakazipunguza mwaka 2021 na miji mingi ikabaki na uwanja mtupu. Mwenye timu pale mjini huuza tiketi, soda na soseji. Mishahara ya meneja na wachezaji hutoka kwa klabu kubwa, na anayelipa ndiye anayeamua. Meneja hachagui nani asajiliwe. Hachagui nani aondoke. Mara nyingi hata idadi ya mipira ambayo pitcha wake (anayemtupia mpigaji) atatupa usiku huo imeshaamuliwa na mtu aliye mbali, ambaye mechi ataisoma kwenye ripoti. Na ripoti hiyo huiandika meneja mwenyewe usiku baada ya mechi, wakati sisi tunamwagia udongo maji: nani alifanya nini, nani goti linamsumbua, nani ana mawazo ya nyumbani.

Nimeona meneja akimtoa shotistopu wake bora iningi (kipindi) ya tano, timu ikiongoza. Watu wakazomea, mzee mmoja karibu na uzio akatukana mpaka nikaona haya. Kumbe simu ilikuwa imeingia: yule kijana ameitwa juu, na wakubwa hawakutaka aumie. Alipofika benchini wenzake wakamkumbatia mmoja mmoja, na waliokuwa wakizomea wakaanza kupiga makofi. Meneja alirudi kusimama kwenye kisanduku chake cha chokaa kando ya besi ya tatu, akamalizia mechi na mtoto aliyekuwa hajacheza wiki nzima. Wakafungwa. Kesho yake nilimkuta anapiga mluzi. Kazi yake ilikuwa imefanyika, ile mechi ilikuwa ya mashabiki.

Sasa uniambie staa gani anaweza kazi hiyo. Kazi ya kuandaa chakula na kila kinapoiva mtu anakuja kukichukua. Staa amezoea mechi izungushwe kwake. Mchezaji kiraka amekuwa upande wa pili maisha yake yote: ndiye mtoto aliyeingizwa iningi ya tano mwenzake alipoitwa juu. Hilo halihitaji kufundishwa darasani.

Nieleze kitu kimoja nilichokiona kwa macho yangu. Kati ya besi na besi hakuna nyasi, kuna udongo, na huo udongo ni mchanganyiko wa mfinyanzi, mchanga na vumbi laini. Ukikauka, mpira unaoviringika unaweza kuruka ghafla ukampasua mtu mdomo. Ukilowa mno, mguu unateleza na mpira unafia njiani. Sisi tulikuwa tukichoma ufunguo ardhini: ukiingia bila kusukuma sana na ukatoka bila kubeba tope, umefika. Meneja aliyewahi kuwa pitcha hakuniuliza habari ya udongo hata siku moja, yeye ulimwengu wake ni kile kilima cha katikati anaposimama kutupa. Lakini huyu mmoja aliyecheza besi za ndani alikuwa akifika saa saba mchana, mechi saa moja jioni, anakwenda moja kwa moja kati ya besi ya pili na ya tatu, anachuchumaa, anabonyeza udongo kwa kidole gumba. Kisha ndipo anaingia kubadili nguo.

Siku moja akaniita. “Maji zaidi upande wa besi ya tatu leo.” Nikamwambia mbona udongo uko sawa. Akasema besi ya tatu leo anacheza yule kijana wa Jamhuri ya Dominika, juzi mpira ulimruka ukampiga shavuni, tangu hapo anageuza uso kabla mpira haujafika. Akataka mipira ya leo ije polepole, na ya kesho polepole, mpaka ile hofu imtoke, kisha turudishe udongo kuwa mgumu kidogo kidogo bila kumwambia. Tukafanya hivyo karibu wiki mbili. Yule kijana hakujua kamwe. Mimi na meneja tulikuwa tukitazamana tu kila akiokota mpira vizuri.

Na aliongea naye Kihispania. Si cha shule. Alikipata Venezuela na Mexico, alikokuwa akienda kucheza miezi ya baridi kwa sababu mshahara wa ligi ndogo ulikuwa hautoshi kodi ya nyumba. Vyumba vya kubadilishia nguo vya ligi ndogo vimejaa Wadominika na Wavenezuela wa miaka 18, 19, wengine hata kuagiza chakula kwa Kiingereza ni kazi. Staa hakuwahi kuhitaji kwenda kuhangaika Venezuela. Kiraka alihitaji, na ile taabu ndiyo inayomlipa sasa.

ZamuYaUsiku (Nakuru)

Mzee, asante sana, nimesoma nikiwa nimeshika mpira wa pampu na mteja ananipigia honi. Sasa niambie, na siku ya kumwambia mtu aende zake? Hiyo ndiyo inayoniogopesha kuliko yote. Mimi nimeachwa na klabu tatu, moja nilijulishwa na mlinzi wa geti kwamba jina langu halipo.

FundiUdongo (Kakamega)

Pole, kijana wangu. Hiyo ya mlinzi nimeisikia hapa Magharibi mara nyingi.

Huyo meneja wangu alikuwa na utaratibu. Hamwiti mtu mbele ya wenzake. Anamsubiri afike, kabla hajavaa jezi, maana alisema kumvua mtu jezi aliyokwisha kuvaa ni kumdhalilisha. Mlango unafungwa. Na sentensi ya kwanza ndiyo habari yenyewe: wamekuacha. Mengine yote yanafuata baadaye. Nilimuuliza kwa nini hazungukizunguki kidogo, sisi kwetu mtu huanza na habari za watoto na mvua. Akaniambia yeye mwenyewe aliwahi kuitwa ofisini, meneja wake akaongea robo saa juu ya samaki aliovua, na robo saa nzima yeye alikuwa anajua na hasikii neno. Hakumsamehe yule mtu kwa habari ya samaki. Kwa habari ya kuachwa alimsamehe siku ileile.

Baada ya hapo alimsindikiza kijana hadi kwenye gari. Mizigo ya besiboli ni mizito, magongo, glavu, viatu. Alikuwa anabeba begi moja yeye mwenyewe.

Kuna jambo jingine linalowafanya watu hawa wajue uchungu. Kule ligi kuu mchezaji huhesabiwa siku. Siku moja tu kwenye kikosi na tayari una njia ya bima ya afya ya chama chao. Siku 43 na umeingia kwenye pensheni. Miaka 10, pensheni kamili. Huyu wa kwangu alikuwa na siku zake chache, pungufu ya zile 43. Hakulia wala hakulaumu mtu, lakini ukikaa naye kwenye ngazi za benchi baada ya mazoezi, lazima hizo siku zilizopungua zitajwe. Ndiyo maana kijana wake akiitwa juu hata kwa wiki moja, alifurahi kuliko kombe.

Mwalimu_Kondele (Kisumu)

Mzee FundiUdongo, shikamoo. Nimefurahia, lakini nina neno na wewe juu ya mastaa. Mimi ni mwalimu wa michezo na besiboli naifuata tangu chuo.

Ryne Sandberg alikuwa staa wa Cubs ya Chicago, besi ya pili, aliingizwa kwenye Jumba la Umaarufu la besiboli kule Cooperstown mwaka 2005. Alikuwa na jina, alikuwa na pesa. Na bado mwaka 2007 alikwenda Peoria, daraja la chini, akapanda basi na watoto. Akapanda ngazi moja moja, Tennessee, kisha Iowa, baadaye akahamia upande wa Phillies ya Philadelphia akaongoza timu yao ya Triple-A, na mwaka 2013 wakampa timu kubwa. Kwa hiyo si kweli kwamba staa hawezi. Wengi hawataki, hiyo ni habari nyingine.

Pia niulize: kwa nini hasa hawa wa besi za ndani? Mbona wale wa uwanja wa nje, wanaokimbilia mipira ya mbali, hawasikiki sana kwenye umeneja?

FundiUdongo (Kakamega)

Marahaba, mwalimu. Kwa Sandberg umenikamata vizuri, mfano huo hauna jibu, namheshimu sana kwa lile basi. Nami nikupe wa upande wangu: Ted Williams. Mpigaji kama yeye hutokea kwa nadra mno. Akapewa Senators ya Washington aiongoze mwaka 1969, msimu wa kwanza akafanya vizuri hata akaitwa meneja bora wa mwaka. Baada ya hapo timu ikawa inateremka kila msimu, na mwaka 1972, walipokuwa wamehamia Texas, walipoteza mechi 100. Akaenda zake kuvua samaki. Tena samaki.

Kuhusu besi za ndani. Simama pale alipo shotistopu uone kazi yake. Kabla ya kila mpira, yeye na mwenzake wa besi ya pili wanakubaliana ni nani atakayekimbilia besi ya pili mkimbiaji akijaribu kuiba (kuikimbilia besi kabla mpira haujapigwa). Wanaficha uso nyuma ya glavu: mdomo wazi maana yake wewe, mdomo uliofungwa maana yake mimi. Wanasoma ishara za kecha (anayedaka mipira ya pitcha), kwa hiyo wanajua mpira gani unakuja na unaelekea kuangukia wapi. Wanawasogeza wenzao wa nje hatua mbili kushoto, hatua moja nyuma. Mpira ukipigwa mbali, wao ndio wanaokwenda kuupokea katikati na kuamua utupwe wapi. Mtu akifanya hivyo miaka kumi na miwili, hata akiwa mpigaji dhaifu, tayari anaongoza mechi. Makecha ndio wanaowazidi, na ndiyo maana ukitoa makecha na hawa, mameneja waliobaki ni wachache.

Wa nje anaona migongo ya wenzake. Wa ndani anaona nyuso.

Halafu ongeza benchi. Kiraka akikaa nje anakaa karibu na meneja. Anasikia kwa nini pitcha anabadilishwa sasa na si baada ya mpigaji mmoja. Tony La Russa alicheza mechi 132 za ligi kuu, wastani wake wa kupiga .199 (kufanikiwa pungufu ya mara mbili katika kumi), homurani, ule mpira wa kupigwa nje ya uwanja, hakuna hata moja. Akamaliza shule ya sheria mwaka 1978, mwaka huohuo akaanza umeneja Knoxville, mwaka uliofuata White Sox ya Chicago wakampa timu. Ameshinda World Series (fainali ya ligi kuu) mara tatu: 1989, 2006 na 2011. Sparky Anderson alicheza msimu mmoja tu wa ligi kuu, 1959, besi ya pili, akapiga .218, basi. World Series tatu naye: mbili Cincinnati, 1975 na 1976, na moja Detroit, 1984. Earl Weaver, besi ya pili pia, ligi kuu hakucheza kabisa, akaja kuipa Baltimore ubingwa wa 1970. Wote watatu wako Cooperstown.

Lakini hao ni waliotoka. Ukitaka sura ya kawaida ya safari hii, mtazame Stubby Clapp. Mkanada wa Windsor, Ontario. Cardinals ya St. Louis walimchagua kwenye mgao wa wachezaji chipukizi wa mwaka 1996, raundi ya 36, saa ambayo watu wengi wameshafunga madaftari. Ligi kuu alicheza mechi 23, mwaka 2001, akapiga vibao vitano (mipira iliyomfikisha besini). Lakini kule Memphis kwenye Triple-A walimpenda ajabu, alikuwa anaingia uwanjani kwa sarakasi ya kinyumenyume, na mwaka 2007 wakastaafisha jezi yake namba 10. Jezi ya mtu wa mechi 23! Akaenda kuanzia umeneja daraja la chini, Tri-City, 2011 na 2012, akafundisha upigaji kwingine, na mwaka 2017 akarudi Memphis akiwa meneja. Mwaka huo wakashinda mechi 91 na kombe la Pacific Coast League. Mwaka 2018 wakalichukua tena, huku St. Louis ikija kumpunguzia wachezaji msimu mzima. Mwaka 2019 wakamwita juu, kuwa kocha wa besi ya kwanza.

Na ili mwalimu asiseme nachagua mifano: aliyemtangulia Clapp pale Memphis ni Mike Shildt, ambaye hakuwahi kucheza besiboli ya kulipwa hata siku moja, na mwaka 2019 akawa meneja bora wa ligi yake akiwa na Cardinals wakubwa. Kwa hiyo kusugua benchi kunasaidia, lakini si cheti.

MtuWaMamboleo (Kisumu)

Sawa wazee, nimekubali kidogo. Lakini nyote mnataja Wazungu. Mtu wetu hakuna? Na mimi natumia mkono wa kushoto, ningecheza shotistopu ningekuwa wapi leo?

FundiUdongo (Kakamega)

Ungekuwa benchini, ndugu yangu. Anayetupa kwa mkono wa kushoto akiokota mpira pale, lazima ageuze mwili mzima ndipo atupe besi ya kwanza. Akimaliza kugeuka mpigaji ameshafika na anafuta vumbi. Kwa hiyo mashoto huwekwa besi ya kwanza, uwanja wa nje, au wanakuwa mapitcha.

Mtu wetu yupo. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, mzaliwa wa Afrika wa kwanza kucheza ligi kuu ya Marekani. Tarehe 26 Aprili 2017, akiwa na Pirates ya Pittsburgh, mara ya kwanza kushika gongo akapiga kibao safi kwa mpira wa Jon Lester, pitcha wa Cubs. Na alikuwa nani? Mchezaji wa besi za ndani, glavu nzuri kuliko gongo, alisajiliwa 2008 akazungushwa ligi ndogo karibu miaka tisa. Mechi 28 mwaka ule, na mwaka 2018 kidogo tena Toronto. Kiraka kamili.

Na kwa Wamarekani weusi, msome Gene Baker. Shotistopu wa Kansas City Monarchs, timu ya zile ligi za weusi, akaenda Cubs wakamsogeza besi ya pili ili Ernie Banks akae shotistopu. Mwaka 1961 Pirates wakampa timu yao ya Batavia, New York, aiongoze. Ilikuwa miaka 14 kabla Frank Robinson hajakuwa meneja wa kwanza mweusi wa ligi kuu. Hapo ndipo unapoona ligi ndogo ni mahali gani: mlango wa uani, lakini mlango.

Jirani zetu wa Uganda pia wasisahaulike. Mwaka 2012 watoto wao walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza World Series ya watoto kule Williamsport, Pennsylvania.

Mwalimu_Kondele (Kisumu)

ZamuYaUsiku, mdogo wangu, turudi kwako. Uliza mambo ya kazi, usiulize ya heshima. Timu ya vijana ni ya umri gani? Nani atalipia kozi yako ya leseni ya ukocha ya CAF D? Hiyo ndiyo ya kuanzia, bila hiyo kesho mwenyekiti akibadilika utaambiwa huna karatasi. Na muulize waziwazi: vijana wakiiva watachukuliwa na timu ya wakubwa wakati wowote, au kuna mpango? Kwa maelezo ya mzee hapo juu, hili la mwisho ndilo litakalokunyima usingizi.

ZamuYaUsiku (Nakuru)

Usingizi hata sasa sina, mwalimu, ni zamu.

Nimeongea na mwenyekiti leo asubuhi nikitoka kazini. Nimemwambia nitachukua timu kwa masharti. La kwanza, timu ya wakubwa ikimtaka kijana wangu, naambiwa mimi kabla ya kijana, nimwambie mwenyewe. La pili, kijana akiachwa, namwambia mimi, na mlinzi wa geti asihusike kamwe. La tatu CAF D, amesema klabu italipa nusu. Nusu nyingine nitajua mwenyewe. Yeye alifikiri nitadai mshahara kwanza, akachanganyikiwa kidogo.

Mazoezi ya kwanza ni Jumanne. Wavulana ni wa chini ya miaka 17. Wawili wanacheza mbele kwa fujo sana, wa kulia nimeshaona hatakaa nami hata msimu mmoja.

FundiUdongo (Kakamega)

Ongeza sharti la nne: nauli. Kijana akiitwa timu ya wakubwa akakosa nauli ya kwenda mazoezini, utaitoa mfukoni mwako wewe, na mwenyekiti atajifanya hajui. Andika kwenye karatasi kabla ya Jumanne.

Na uwanja wenu ni wa nini, nyasi au udongo? Kama ni udongo nitumie picha.